Wote Tayari Kuwa wa Pili

Saa niliisimamisha mimi. Ninalisema mapema kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakisema ilisimama yenyewe, au ni kazi ya Mungu, au fundi alikuwa mbovu. Hapana. Niliegemeza ngazi ukutani, nikapanda, nikafungua mgongo wa ile saa kubwa ya Ukumbi, nikachomoa betri mbili, nikazitia mfukoni. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni. Na hivi ninavyokusimulia, ndani humu bado ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, na jua la dirishani ni lile lile, na chai iliyokuwa ikifuka moshi bado inafuka.

Kama hujawahi kuingia Ukumbini, nikueleze. Ni jumba refu lililojengwa mahali ambapo si pa nchi yoyote, ili nchi tano zikae bila mwenyeji wala mgeni. Meza ni ya duara, asiwepo wa kujidai amekaa mbele. Nyuma ya meza kuna ukuta, na ukutani kuna matundu matano ya funguo. Kila nchi ina ufunguo wake, na kila ufunguo hufungua lango la bwawa la nchi hiyo, huko mbali, nyuma ya milima. Usiniulize kwa waya gani. Hapo zamani mito mitano ilikuwa ikimwaga maji yake katika ziwa moja, na ziwa likiwarudishia wote mvua. Kisha kila nchi ikajenga bwawa, ikafunga lango, ikasema haya maji ni yetu. Ziwa likakauka. Mvua ikaacha kunyesha, kwa waliofunga na kwa waliofungiwa. Mtoto wa darasa la pili angekwambia dawa yake ni nini: fungueni malango yote matano siku moja, ziwa lijae, mvua irudi. Na wajumbe si wajinga. Hilo walikubaliana siku ya kwanza, kabla hata ya chai.

Kilichowashinda ni nani aanze. Anayefungua peke yake amemwaga maji yake mchangani, basi, na hayazoleki. Kwa hiyo kila mjumbe alisimama, akatengeneza tai yake, akatamka kwa maneno matamu kwamba nchi yake iko tayari kabisa, kwa moyo mkunjufu, kufungua mara tu itakapoona jirani amefungua. Wote watano walikuwa tayari kuwa wa pili. Kuna wakati walijaribu kuhesabu pamoja, funguo zikiwa matunduni: moja, mbili, tatu! Ilipotajwa tatu hakuna mkono uliogeuka. Kila mmoja alikuwa ameukodolea macho mkono wa mwenzake. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba dunia inaharibiwa na mtu mmoja mwovu, na kwa kweli nilimtafuta pale mezani nimkazie macho. Sikumpata. Walikuwa watu wa heshima zao, wanaulizana habari za watoto, wanapeana dawa za mgongo.

Mkataba ulisema hivi: ikigonga saa kumi na mbili jioni bila mapatano, Ukumbi ufungwe, kila mtu arudi kwao na ufunguo wake, na mkutano usiitishwe tena milele. Ndipo Mwenyekiti, mzee mpole mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, aliponiinamia. "Mshika Saa," akasema, "tuokoe." Ni desturi yao ya tangu na tangu: muda ukikaribia kwisha na kazi haijaisha, saa husimamishwa. Saa ikisimama siku haijaisha, na siku ambayo haijaisha haina aliyeshindwa. Nami niliona fahari, nisikufiche. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kupangusa kioo cha saa, na leo nchi tano zilikuwa zimening'inia kwenye vidole vyangu. Sote mle ndani tulidhani kwamba nje nako kumesimama.

*

Nyamizi ni mdogo wangu, tumbo moja, nimemtangulia miaka minne. Makazi yake ni Nchi ya Chini, ukingoni mwa ziwa, au tuseme pale palipokuwa ukingo. Alikuwa mkaushaji wa samaki. Samaki walipokwisha alibaki na banda la moshi na harufu. Jioni ile ile, betri zikiwa bado zina joto mfukoni mwangu, alikuja dirishani kwa nje, na binti yake Kabula mgongoni.

"Kaka, wamemaliza?"

"Bado kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Huyu mtoto anakohoa. Upepo ukivuma, sakafu ya ziwa yote inaingia ndani kwetu, vumbi la chumvi, mpaka kwenye uji. Daktari wa zahanati kaniambia nisihangaike na dawa za chupa. Kasema dawa ni maji yarudi yalifunike lile vumbi. Basi."

"Leo, Nyamizi. Leo hii hii, kabla ya saa kumi na mbili."

"Niapie."

"Haki ya mama."

Akaniamini, akaondoka akimpigapiga Kabula mgongoni. Na mimi sikusema uongo! Hapo ndipo ninapotaka unielewe, hata kama utaninunia. Ilikuwa leo. Haikuwa imefika saa kumi na mbili. Kwa kipimo cha Ukumbi nilimwambia kweli tupu, na kipimo kingine sikuwa nacho. Nimekaa nikifikiri sana jambo hili, maana humu ndani kufikiri ndiyo kazi pekee isiyohitaji kibali: wakati ni wa nani? Mwenye njaa na aliyeshiba wana leo moja? Wajumbe wana leo pana, yenye viti na mapazia, wanaweza kuikunjua na kuilalia. Mtoto anayekohoa ana leo nyembamba, ya pumzi moja, halafu pumzi nyingine kama ipo. Na ni nani aliyesema hizi mbili ziitwe kwa jina moja? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimeegemea ngazi, nikajiona mtu wa hekima kubwa, na wala sikuinua mguu.

Nikaenda kunywa glasi ya maji. Niliporudi Nyamizi alikuwa pale pale dirishani, na kando yake amesimama msichana mrefu aliyejifunga kitambaa puani.

"Na huyu mgeni nani?" nikauliza.

"Ala! Kaka, umemsahau Kabula?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Msichana alinitazama bila kunijua. Kisha akakohoa, na kitambaa kikaingia ndani na kutoka nje, kikaingia na kutoka, mpaka nikaangalia pembeni.

"Kaka," akasema Nyamizi, "hiyo leo yenu ina siku ngapi?"

"Wamefika kifungu cha mwisho."

"Walikuwa kifungu cha mwisho huyu alipokuwa anatambaa."

"Ngoja kidogo tu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi hata matumbo tumebakiwa nayo kwa bahati. Mpe shikamoo mjomba wako, Kabula, twende."

*

Nani alisema wakati ni mto? Mto niliuona umefungwa lango, na wakati haukufungika.

Nilichomoa betri. Nilichomoa betri za nini?

Ndani chai inafuka. Nje mtoto kaota matiti, kaolewa, karudishwa kwao kwa sababu mume hakutaka mke mwenye kifua.

Nikizirudisha betri, zitabaki dakika tano, Ukumbi ufungwe, malango yabaki yamefungwa milele. Nisipozirudisha, wataongea milele na malango yabaki yamefungwa. Haya, chagua, Mshika Saa. Chagua, bwana mkubwa, wewe uliyening'iniza nchi tano kwenye vidole.

Sikuchagua. Kutochagua nako kuna kiti chake na posho yake, na mtu huzoea.

*

Wajumbe nao walizeeka, ila kwa ndani, kama mbao inavyoliwa na mchwa ukaona rangi nje bado inang'aa. Wa kwanza kuondoka alikuwa mjumbe wa Nchi ya Misitu. Alikuwa akisema "kwa mnasaba huo" akanyamaza, tukangoja mnasaba, kumbe keshakata roho. Desturi ya Ukumbi hairuhusu kiti kibaki kitupu, la sivyo akidi inavunjika. Kadi ya shingoni huvuliwa na kuvikwa aliye karibu zaidi na kiti, awe nani awe nani. Aliyekuwa karibu ni Mama Semeni, mpika chai wetu, mwanamke ambaye kila akipita na birika alikuwa akiguna: "Nyie mnakunywa tu, mnakojoa tu, maji ya watu yako wapi?" Nikasema moyoni, afadhali, leo watakiona cha moto. Wakamvika kadi. Mama Semeni akakaa, akaweka birika chini ya kiti, akakohoa kidogo, akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, Nchi ya Misitu inaunga mkono kwa kanuni, na inasubiri kuona hatua za majirani." Sauti ilikuwa yake. Hata lile guno lake la mwisho lilikuwepo. Nilimtafuta macho anikonyeze, nijue anatania. Hakunikonyeza.

Nyamizi aliporudi tena, nilimwona mwanamke mzee amesimama dirishani, nywele nyeupe pe, mgongo umepinda, amebeba mtu mzima mgongoni kwa kanga mbili. Mimi ndevu zangu zilikuwa nyeusi kama siku ya ngazi. Nilikuwa sijamtambua bado, na kwa adabu niliyofunzwa nyumbani ilinitoka yenyewe:

"Shikamoo, mama."

Akazitazama ndevu zangu.

"Marahaba, kaka," akasema, na hapo hapo akaanza kulia.

Nililia na mimi, sikuona aibu. Mdogo wangu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu nimemwamkia shikamoo, na ameipokea kwa sababu ni haki yake. Mgongoni alikuwa Kabula, mwepesi kiasi kwamba bibi kizee aliweza kumbeba kutoka ziwani mpaka hapa. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi. "Ana siku mbili tatu," alisema Nyamizi. "Siku za kwetu, si za kwenu. Vumbi likifunikwa atapona, na halifunikwi mpaka maji yarudi. Nimekuja naye aone wenyewe wanaozungumza habari zake."

*

Ndipo alipolala Balozi Barongo. Huyu alikuwa mjumbe wa Nchi ya Juu, yenye bwawa kubwa kuliko yote manne mengine yakijumlishwa. Akifungua yeye, ziwa limekwisha kujaa nusu. Aliegemeza kichwa mezani kana kwamba anasikiliza jambo ndani ya mbao, na hakuinuka tena. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kiti chake. Mwenyekiti alinivika kadi kwa mikono yake, akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa mzito na una joto la mkono wa marehemu.

Sikiliza furaha yangu. Nilisema, Mungu si Athumani! Leo kaka yake Nyamizi ndiye Nchi ya Juu. Sikukaa hata kwenye kiti. Nilikwenda moja kwa moja ukutani, nikaingiza ufunguo kwenye tundu letu, na niliposema moyoni "tundu letu" nilisikia kitu kikikatika ndani yangu, nikakipuuza. Mwenyekiti akaita kwa upole: "Mheshimiwa, kanuni inakutaka usome kwanza jalada la ujumbe wako." Nikasema haya, jalada tu, litaniuma?

Lilikuwa limejaa barua za watu wa Nchi ya Juu, mafungu kwa mafungu. Nilisoma moja tu. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyezoea kalamu. *Ndugu yetu uliye huko mezani, salamu. Huku na sisi mvua hakuna, bwawa ndilo kisima chetu. Baba yuko kitandani. Ukifungua na wenzako wasifungue, tutakunywa nini? Hatukatai. Ila usiwe wa kwanza, tafadhali. Mimi dada yako.* Jina halikuwepo. Na mimi, mwana wa Nchi ya Chini, niliyezaliwa kwenye banda la moshi wa samaki, niliiona nyumba yao, nikamwona baba yangu kitandani, nikajua mto wake anaulalia upande gani. Nikachomoa ufunguo tunduni taratibu. Nikarudi kitini nikakaa. "Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasikia mtu akisema kwa kinywa changu, "ujumbe wangu unahitaji muda wa kushauriana."

Dirishani kuliingia kelele. Mjumbe wa Nchi ya Chini, aliyekuwa akichungulia nje ili asiniangalie, alikuwa ameanguka juu ya kizingiti, naye amekwenda. Na aliye karibu zaidi na kiti chake alikuwa bibi kizee upande wa pili wa dirisha. Kanuni haikusema lolote kuhusu upande wa dirisha. Nyamizi aliingia kwa kupanda kizingiti, Kabula mgongoni, kanga zikinasa kwenye kitasa, wala hakuna aliyemsaidia. Wakamvika kadi. Wakampa jalada. Alimshusha Kabula sakafuni, akamwekea lile jalada chini ya kichwa awe na mto, kisha akachukua ufunguo.

"Mheshimiwa, kanuni inakutaka usome," alisema Mwenyekiti.

"Limepata kazi," alijibu Nyamizi.

Alikwenda ukutani akiburuta mguu mmoja. Alituangalia sote, mmoja mmoja, na aliponifikia mimi hakunipita upesi.

"Bwawa letu mnalijua," akasema. "Ni dogo, maji yamebaki ya magotini, ndiyo tunayokunywa. Nikifungua yatatoka yote. Nasema ili mjue, msije mkasema hamkujua."

Akageuza.

Tulisikia. Sijui kwa waya gani, lakini tulisikia lango likikwaruza, kisha maji yakienda, mengi mwanzoni, kisha ya kuchuruzika, kisha matone ya kuhesabika, kisha kimya. Ilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai. Nyamizi alisubiri mpaka kimya kikatulia kabisa.

"Haya," akasema. "Wa kwanza mliyemtafuta ndiye mimi. Nani wa pili?"

Mama Semeni alimwangalia mjumbe wa Nchi ya Viwanda. Wa Viwanda alimwangalia wa Nchi ya Mchanga. Wa Mchanga aliniangalia mimi. Nami, wallahi, niliinuka. Nilisimama na ufunguo mkononi, hatua nane kutoka ukutani, Kabula sakafuni kati yangu na tundu, kifua chake kikipiga filimbi; ningemruka tu. Nilimwangalia dada yangu, nikamwona dada yangu mwingine, yule wa barua. Nilijua nikifungua mimi watafungua wote. Nilijua, unanisikia? Sikuwa na shaka hata chembe. Nikasubiri nione nani mwingine atasimama.

"Kaka," alisema Nyamizi.

Mwenyekiti ndiye aliyesimama. Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, ya kweli, si ya kuigiza. Naapa na nitaapa tena. "Waheshimiwa," akasema, "katika miaka yangu yote sijaona ushujaa kama huu. Naomba kumbukumbu za mkutano ziandike kwamba Nchi ya Chini imetuonyesha njia. Na naomba sote tumpongeze mama huyu kwa makofi."

Wakasimama wote. Mama Semeni alikuwa akilia. Makofi yalianza upande wa Viwanda, yakazunguka meza, yakaja kwangu, na fahari niliyomwonea mdogo wangu ilikuwa kubwa. Nilitaka ayasikie ya kwangu kuliko ya wote. Makofi ya mkono wenye chuma hayatoki vizuri, kwa hiyo nikauweka ufunguo mezani.